Je, wajua kwa nini kengele ya mlangoni hulia "ding" ukibonyeza na "dong" ukiachia?

Ukifika kwenye nyumba yenye kengele ya ding-dong, jaribu jambo moja. Bonyeza kitufe, kisha usiondoe kidole. Utasikia "ding" peke yake. Hesabu mpaka tano ukipenda, hakuna kitakachofuata. Sasa achia, na hapo ndipo "dong" inapotoka. Wengi wetu hubonyeza na kuachia haraka, sauti mbili zikaja zimefuatana, tukadhani kengele ina wimbo wake ndani. Haina. Sauti ya kwanza inapigwa na umeme. Ya pili inapigwa na springi, umeme ukiwa umeshakatika.

Ukifungua kifuniko chake utakuta mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, na katikati yake koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye bomba dogo la plastiki. Ndani ya bomba hilo mna kijiti cha chuma chenye springi. Nitakiita mchi, maana kinaingia na kutoka kwenye koili kama mchi kwenye kinu.

Ukibonyeza kitufe, umeme unapita kwenye koili, koili inakuwa sumaku na kuuvuta mchi kwa nguvu. Hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda mno: sumaku haiufikishi mchi kwenye bamba. Inaufikisha karibu tu, na mwendo uliobaki unamalizwa na kasi ya mchi wenyewe. Unapitiliza, unagonga, kisha unarudi nyuma kidogo na kutulia bila kuligusa bamba. Ungebaki umeligusa, sauti ingekufa palepale, kama kengele ya baiskeli iliyofunikwa kwa kiganja. Ukiachia kitufe, sumaku inaisha, springi inaurudisha mchi, nao unapitiliza tena upande wa pili, unagonga bamba la "dong", halafu unarudi katikati kupumzika.

Mabamba yenyewe hayakukatwa ovyo. Bamba refu hutoa sauti nene, fupi sauti nyembamba, lakini si kama uzi wa gitaa. Uzi ukiufupisha nusu, mitetemo yake kwa sekunde huwa mara mbili. Bamba la unene uleule ukilifupisha nusu, huwa mara nne. Bamba lililo huru likigongwa, ncha zake na katikati hucheza, ila kuna sehemu mbili zinazotulia, kila moja ikiwa takriban asilimia 22 ya urefu kutoka kwenye ncha. Ukilishika hapo kwa mpira, linaimba. Ukilishika kwingine, linatoa "tak" kavu. Ni kanuni ileile ya marimba ya vibao.

Kengele za zamani za umeme, zile za "kriiing" ambazo shule nyingi bado zinazo, ni jambo jingine. Ndani yake nyundo ikivutwa na sumaku inaukata umeme wake yenyewe, inarudi, umeme unaunganika, inavutwa tena, hivyohivyo mpaka uachie kitufe. Asili ya zote ni sumaku ya umeme. Mwaka 1831, Joseph Henry wa Marekani alionyesha kengele ikigongwa kwa sumaku ya aina hiyo kupitia waya mrefu wa takriban maili moja.

Ukishajua kwamba "ding" ni ya umeme na "dong" ni ya springi, kengele mbovu inaanza kukueleza ugonjwa wake. Nyumbani kwa mama, Tanga, kengele ilikuwa ikilia "ding" tu kwa miezi. Fundi mmoja alishasema kitufe kimekufa, kinunuliwe kingine. Lakini kama "ding" inalia, basi kitufe kinafanya kazi, waya zinafanya kazi na koili inafanya kazi. Kilichoshindwa ni safari ya kurudi. Nilipofungua kifuniko nilikuta nyigu amejenga kijumba cha udongo, kidogo kama punje ya kunde, mwishoni mwa bomba la koili. Mchi ulikuwa ukirudi na kukwama pale, bamba likiwa milimita chache mbele yake. Niliuchomoa, nikaufuta kwa pamba yenye spiriti, kisha nikauondoa ule udongo ndani ya bomba. Kazi ya dakika kumi. Na tafadhali usitie mafuta humo, hata ya cherehani. Siku mbili mchi utateleza vizuri, kisha vumbi litanasa kwenye mafuta na kuwa gundi.

Kabla ya kugusa chochote, hata hivyo, zima swichi kubwa na usome maandishi yaliyo kwenye kengele. Zipo zinazotumia volti 8 au 12 kutoka kwenye transfoma ndogo, yaani kifaa kinachopunguza volti za umeme wa nyumba, na zipo zinazotumia betri kubwa za tochi. Lakini huku kwetu ziko nyingi zilizoandikwa 220–240V, zilizofungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Maana yake kitufe kilichoko getini, kinachonyeshewa mvua na kubonyezwa na watoto, kina umeme uleule ulio kwenye soketi. Mimi naona huo si ufungaji wa kukaa nao. Kengele ya namna hiyo mwite fundi umeme, na ukiweza, mwambie aweke ya transfoma.

Kwenye kengele ya volti ndogo, ikiwa kimya kabisa, mshukiwa wa kwanza ni kitufe, kwa kuwa ndicho kinachokaa nje kwenye jua na mvua. Pwani hewa ya chumvi hukipiga kutu ya kijani mpaka vyuma vyake visigusane tena. Fungua skrubu zake, toa zile waya mbili nyuma, washa umeme, kisha zigusanishe. Kengele ikilia, kitufe ndicho kibovu: visugue vyuma vyake kwa msasa laini au nunua kingine, si ghali. Isipolia, pima kwa mita kama transfoma inatoa volti zilizoandikwa juu yake. Inatoa? Basi zima tena upime koili. Mita isipoonyesha mawasiliano yoyote kati ya ncha zake mbili, koili imeungua au waya wake umekatika.

Kengele inayovuma "mmmm" bila kugonga imepata umeme, ila mchi hausogei, ama kwa uchafu ama kwa volti kuwa chache. Mvumo huo ni wa umeme wenyewe: umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na sumaku huvuta mara mbili katika kila mzunguko, hivyo chuma hutetemeka mara 100. Ukiusikia hali hakuna mtu mlangoni, kitufe kimenasa ndani. Kimbilia swichi, maana koili nyingi hazikutengenezwa kushikiliwa hivyo, na zitanuka kuungua.

Jambo moja kwa wenye ndugu Marekani: transfoma ya kengele ya kule imetengenezwa kwa volti 120. Ukiletewa zawadi ya kengele pamoja na transfoma yake, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230. Itaungua.

Kengele zisizo na waya hazina mchi wala bamba. Kitufe hutuma ishara ya redio, na kipokezi kilichoko ndani hupiga wimbo kupitia spika. Betri ya kitufe mara nyingi ni ile ndogo ya volti 12, nyembamba kuliko kidole cha mwisho, na wauzaji huijua kwa jina la 23A. Ikichoka, kengele huanza kwa kulia mara moja moja, au kulia tu ukiwa karibu. Lakini betri ikiwa mpya na bado hailii, tazama ulipokibandika kitufe. Geti la chuma huzuia ishara vibaya sana. Kihamishie kwenye nguzo ya matofali pembeni, mara nyingi hapo hapo inaanza kulia. Kama kipokezi ni cha kuchomeka kwenye soketi, kumbuka kwamba umeme ukikatika nacho kinalala. Na ikilia wakati mgeni yuko kwa jirani, vitufe vyenu vinatumia namba moja ya siri: shikilia kitufe cha kipokezi mpaka kitoe mlio au kiwashe taa, kisha bonyeza kile cha getini ili viunganike upya.