Toleo lijalo la maktaba yetu ya PDF: kusoma kwanza, saini baadaye

Watu kadhaa wanaotumia maktaba yetu ya kuchakata PDF (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) hapa Kisumu wameniuliza kwa nini saini za kidijitali zimesogezwa nyuma kwenye mpango wa toleo lijalo, ilhali wameziomba kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba maktaba bado haisomi vizuri vya kutosha. Kabla ya kumpa mtu uwezo wa kutia saini hati, nataka niwe na hakika kwamba herufi na tarakimu tunazomtolea ndizo zilizo kwenye ukurasa, na kwamba mahali maktaba inapokisia, inamwambia wazi kuwa inakisia.

Wanaoitegemea hawana muda wa kuhakiki kila mstari. Karani wa sacco huchukua taarifa za M-Pesa na kuzilinganisha na daftari la michango. Bursa wa shule ya bweni upande wa Siaya hupokea risiti za benki kwa makumi kila muhula unapofunguliwa. Ofisi ya mawakili hutafuta majina ya watu na namba za viwanja ndani ya Gazeti Rasmi la Serikali. Hapo tarakimu moja ikigeuka, mzazi anaitwa shuleni kwa deni alilokwisha kulipa. Programu ikisimama na kusema imeshindwa, mtu atafungua faili asome kwa macho yake. Ikitoa jibu lisilo sahihi bila kutia shaka yoyote, hakuna atakayejua. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa, na mpango mzima umepangwa kulizuia.

Ugumu unaanzia kwenye jinsi PDF ilivyoundwa. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na printa yoyote. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1, PDF 2.0 ikafuata mwaka 2017, ikarekebishwa 2020, na tangu 2023 hati ya kiwango hicho hupatikana bila malipo kupitia PDF Association. Kwa mwanaprogramu wa Kondele au Kakamega asiye na mwajiri wa kumnunulia, hilo ni jambo kubwa mno. Lakini lengo la awali halijabadilika: faili inabeba maagizo ya kuchora. Ndani ya ukurasa si lazima kuwe na sentensi wala aya, na mara nyingi hakuna hata nafasi kati ya maneno. Kuna amri kama hii:

[(Shule) -278 (ya) -278 (Msin) 12 (gi)] TJ

Maana yake: chora "Shule", sogea mbele, chora "ya", sogea mbele, chora "Msin", rudi nyuma kidogo, chora "gi". Namba hizo ni sehemu za elfu moja za ukubwa wa fonti. Zilizo hasi husogeza mbele, zilizo chanya hurudisha nyuma. Ile −278 ni nafasi ya neno, kwa kuwa 278 ndio upana wa nafasi kwenye Helvetica. Ile 12 ni marekebisho ya kupendeza macho tu, na haina maana yoyote kwa msomaji. Sasa, Times ina nafasi ya 250 na Courier ina 600. Kikomo kimoja cha kuamua "hapa neno limeisha" hakiwezi kufaa zote. Toleo lijalo litapima mapengo ya mstari mzima, liyalinganishe na upana wa nafasi wa fonti husika, kisha liamue. Pengo likiangukia katikati, pasipo uhakika, neno litatoka na alama ya shaka ambayo programu ya mtumiaji inaweza kuisoma.

Herufi zenyewe zina mtego wake. Namba iliyo kwenye amri ya kuchora huutaja mchoro ndani ya fonti, na mchoro huo hauna wajibu wa kujua jina lake. Programu nyingi hupachika sehemu tu ya fonti, zile herufi zilizotumika, na kuipa jina lenye herufi sita mbele, mfano BXKQTR+Arial. Nyingine huzipa herufi hizo namba mpya kabisa. Kinachorudisha namba kwenye Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, ni jedwali liitwalo ToUnicode. Likikosekana, ukurasa unaonekana safi kwenye skrini, lakini ukinakili maandishi unapata takataka. Tutafuata mpangilio ulio wazi: kwanza ToUnicode, kisha mpango wa herufi uliotajwa kwenye faili, kisha majina ya michoro ndani ya fonti, na yote yakishindikana tutoe alama ya herufi isiyojulikana, U+FFFD, pamoja na sababu. Hatutabuni herufi ili matokeo yapendeze.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa huku kuliko waliotengeneza maktaba nyingi kubwa. Tafuta Ng'iya au Nyang'oma kwenye hati za Siaya na mara nyingi utaambiwa hazimo, ilhali unaziona kwa macho. Alama ile ya juu huandikwa kwa namna nyingi: U+0027 ya kibodi, U+2019 ambayo programu za kuandikia hujiwekea zenyewe, U+02BC, na wakati mwingine hata alama iliyopinda upande usio wake. Kwa kompyuta hizo ni herufi tofauti. Wenzetu wa Nakuru wana yao: jina kama Njũgũna linaweza kuhifadhiwa kwa ũ iliyo herufi moja, U+0169, au kwa u ikifuatwa na kiwimbi cha peke yake, U+0303. Na neno "afisa" likichapwa kwa fonti inayounganisha f na i kuwa umbo moja, huenda likatoka bila herufi hizo mbili. Toleo lijalo litatoa maandishi mara mbili: yale halisi jinsi yalivyo kwenye faili, na nakala iliyosawazishwa kwa ajili ya kutafuta. Ya kwanza haiguswi kamwe, maana wakili anayenukuu anahitaji kilichoandikwa, si kilichorahisishwa.

Upande wa kuandika nao utabadilika. Mpango wa herufi wa WinAnsi, ambao hutumiwa sana na zile fonti 14 za kawaida za PDF, hauna ĩ wala ũ. Ndiyo maana majina ya Kikuyu hugeuka alama za kuuliza kwenye barua na vyeti. Kuanzia sasa tutapachika fonti yenye herufi zote kama chaguo la kwanza, na kila hati itakuwa na alama ya lugha, sw-KE kwa Kiswahili cha Kenya, ili programu zinazowasomea wasioona zijue zitamke kwa lugha gani.

Majedwali ndiyo yaliyonikosesha usingizi. PDF ya kawaida haisemi "hii ni safu ya fedha zilizoingia". Kuna tarakimu zilizowekwa mahali fulani kwenye karatasi, basi. Fikiria taarifa yenye safu ya zilizoingia, zilizotoka na salio. Kwenye mstari wa muamala mmoja, safu moja kati ya zile mbili za kwanza huwa tupu. Ukisoma tu kutoka kushoto kwenda kulia, utupu unapotea, na shilingi 3,000 alizotoa mtu zinahesabiwa kama alizoweka. Tunajenga utambuzi wa safu kwa kutumia ukingo wa kulia wa tarakimu, kwa sababu fedha hupangwa kwa ukingo huo, pamoja na mistari iliyochorwa pale ilipo. Kisha tutaongeza hesabu ya kuhakiki: salio lililotangulia, ujumlishe kilichoingia, utoe kilichotoka, ulinganishe na salio lililochapwa. Mstari usiolingana utatajwa kwa ukurasa na mahali ulipo, karani aufungue mwenyewe. Nasimama imara hapa: maktaba haitarekebisha tarakimu ya fedha kwa niaba ya mtu yeyote.

Mafaili yaliyoharibika tunayapokea sana, hasa yaliyopakuliwa bando likakatika katikati. Programu ya kusoma PDF huanzia mkiani mwa faili. Huko kuna neno startxref na namba inayoonyesha lilipo jedwali la marejeo, na jedwali hilo ndilo linalosema kila kitu kiko baiti ya ngapi. Kwa muundo wake wa zamani, kila mstari wa jedwali una baiti 20 kamili. Mkia ukikatika, ramani yote imepotea. Dawa inayojulikana ni kupitia faili nzima ukitafuta maandishi kama "12 0 obj", yanayoonyesha kitu namba 12 kinapoanzia, na kujenga jedwali upya, nasi tutafanya hivyo. Hatari yake ni kwamba PDF inaruhusu mabadiliko yaongezwe mwishoni bila kufuta ya zamani. Hati iliyorekebishwa inaweza kuwa na kitu namba 12 mara mbili, cha zamani juu na kipya chini. Mkia ukikatika pamoja na kile kipya, ukarabati unafufua cha zamani, na hakuna dalili yoyote kwenye ukurasa kwamba kiasi unachokiona kilishabadilishwa. Kwa hiyo ukarabati hautafanyika kimyakimya tena. Kila faili iliyokarabatiwa itarudi na ripoti: nini kilikosekana, nini kilijengwa upya, na kama kuna ishara za mabadiliko yaliyokatwa.

Kurasa zilizoskaniwa ni suala la memori. A4 moja kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi kamili, hizo ni takriban MB 26 zikifunguliwa. Hati ya kurasa 40 itaangusha simu au kompyuta kuukuu ya saiba ikifunguliwa yote kwa mkupuo. Tutafungua ukurasa mmoja kwa wakati, vipande kwa vipande, na kuweka kikomo cha ukubwa ili faili ya hila isijaze memori yote. Katika kubana picha za nyeusi na nyeupe tutatumia njia ya CCITT Group 4, isiyopoteza kitu. Njia nyingine, JBIG2, hubana zaidi, lakini ikitumiwa kwa hali yake ya kupoteza sehemu ya picha, huweza kubadilishana maumbo yanayofanana. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha mashine za Xerox zikitoa nakala ambamo 6 imegeuka 8. Sitaki jambo hilo karibu na risiti ya ada. Tena, kurasa nyingi za namna hii huwa na maandishi yasiyoonekana yaliyowekwa juu ya picha na programu ya kutambua herufi. Hayo tutayatoa yakiwa na alama kwamba chanzo chake ni makisio.

Kuficha taarifa nako kutabadilika. Kuchora kisanduku cheusi juu ya namba ya kitambulisho hakuiondoi. Iko palepale chini, na mtu akinakili anaipata. Mwaka 2019 huko Marekani mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati iliyofichwa hivyo, na waandishi wa habari wakasoma yote. Kenya tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka huohuo, 2019, na anayeshughulikia fomu za wagonjwa au wanafunzi ana wajibu wa kweli. Kazi yetu mpya itaondoa amri za maandishi zenyewe, ifute pikseli za picha zilizo chini ya kisanduku, isafishe taarifa za ziada za hati, kisha iandike faili upya tangu mwanzo ili matoleo ya zamani yasibaki mkiani.

Sasa saini. Saini ya PDF hulinda baiti zilizotajwa kwenye ByteRange, yaani orodha ya sehemu za faili ambazo saini inazihusu, na kwa kuwa faili huruhusu nyongeza baada ya kutiwa saini, swali gumu ni kuamua nyongeza ipi ni halali na ipi ni udanganyifu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, walionyesha kuwa programu nyingi za kufungua PDF zingeweza kudanganywa zikasema saini ni sawa wakati maudhui yamebadilishwa. Maktaba isiyoweza kueleza tofauti ya matoleo mawili ndani ya faili moja haina haki ya kusema "saini ni halali". Ile kazi ya ripoti ya ukarabati ndiyo msingi wa saini, ndiyo maana inatangulia. Fomu za XFA, aina ya zamani ya fomu ndani ya PDF, hatutaziunga mkono kabisa, kwa kuwa PDF 2.0 yenyewe imeziacha, na programu za JavaScript zilizo ndani ya hati hatutaziendesha.

Ninachohitaji kwa sasa ni mafaili ya majaribio. Usinitumie taarifa ya mtu halisi, hata ukiwa na ruhusa yake. Tengeneza hati kwa programu ileile unayoitumia kazini, ujaze majina ya kubuni yenye ng', ĩ na ũ, weka jedwali la fedha lenye safu tupu, na uandike kando programu gani imeitoa na toleo lake. Aliye na faili iliyokatika wakati wa kupakua, isiyo na siri ya mtu, aniletee jinsi ilivyo, bila kuifungua na kuihifadhi upya, kwa sababu ukiihifadhi upya ule uharibifu ninaoutafuta unaweza kupotea.