Slipu kwenye kriketi: yanayosemwa Chuga na ukweli wenyewe

Machalii wengi wa Arusha na Moshi wanaoanza kriketi siku hizi wameijulia shuleni au kwenye simu wakicheki IPL, ligi kubwa ya kriketi ya India, na ukiwauliza slipu ni nini kila mtu ana lake. Mi hii nafasi naipenda sana na inaniuma ikichukuliwa poa, so ngoja tuongee.

Slipu ni mdakaji anayesimama nyuma ya betsmani (anayepiga mpira kwa bati), pembeni ya wiketikipa (kipa anayekaa nyuma ya vijiti), upande wa ofu, yani upande ambao kifua cha betsmani kinaangalia akiwa tayari kupiga. Mpira ukigusa ukingo wa bati badala ya katikati unakimbilia nyuma, yeye anaudaka kabla haujatua chini na betsmani anatoka, yani auti. Wa karibu na kipa ni slipu ya kwanza, anafuata wa pili, wa tatu, halafu zaidi pembeni kuna gali.

Kuna wanaoamini slipu ni sehemu maalum uwanjani, kama penati kwenye soka. Hapana. Hakuna alama ya slipu popote, nafasi inahesabiwa kutoka kwa betsmani mwenyewe, ndo maana akiwa wa mkono wa kulia slipu anakaa kulia kwa kipa na akiingia wa kushoto wote wanahamia upande wa pili. Umbali nao unabadilika. Bola, yani anayerusha mpira, akiwa fasti slipu wanarudi nyuma sana, akiwa spina, yule wa polepole anayeuzungusha mpira, slipu ni mmoja mara nyingi na anasogea karibu kabisa. Na kiwanja kina sauti yake, kwenye mkeka uliotandikwa kiwanjani mpira unapanda vizuri so unaweza kurudi nyuma, ila kwenye kiwanja cha shule chenye udongo mpira unabaki chini, ukisimama mbali utaudaka umeshadunda na hiyo si auti hata ushangilie vipi.

Sasa hii ndo inayonikera kuliko zote: "Mweke slipu huyo, hawezi kukimbia." Ni kweli slipu hakimbii sana, lakini hebu fikiria mpira wa kilomita 130 kwa saa, hiyo ni kama mita 36 kila sekunde, umegusa bati na kubadilisha njia, una chini ya sekunde moja kuuona, kuufuata na kuufungia mikononi. Pale panataka mikono bora kuliko yote kwenye timu. Rahul Dravid wa India alistaafu na kachi 210 za mechi za Testi, zile ndefu za siku tano, nyingi akiwa slipu, na rekodi hiyo ya mdakaji asiye kipa ilikaa mpaka Joe Root wa Uingereza akaipita 2025. Wote wawili ni mabetsmani wakubwa, watu wenye macho na utulivu, sio watu waliofichwa. Kapteni ukimficha mchovu pale unampa bola wako adhabu, anatengeneza nafasi nzuri halafu inaanguka chini, na bola akiona hivyo mara mbili tatu anakata tamaa kabisa.

Wengine wanauliza kama slipu anaruhusiwa glavu. Hapana. Sheria za MCC, klabu ya Uingereza inayotunga sheria za kriketi, zinamruhusu wiketikipa peke yake kuvaa glavu, wengine wote mikono mitupu labda ampaya (refa) akubali kinga ya kidole. Ndo maana mazoezi ni lazima, vidole vielekee chini au juu kulingana na mpira, visielekee mbele, na mikono irudi nyuma kidogo na mpira unapoingia.

Wengine wanafundisha kwamba slipu wote waangalie bati. Kawaida slipu ya kwanza anaufuata mpira tangu mkononi mwa bola, ila wa pili, wa tatu na gali ndo wanakodolea ukingo wa bati, kwa sababu wao wako pembeni zaidi. Wapo wakubwa wanaofanya tofauti, ila kwa anayeanza hii inasaidia sana.

"Tunacheza ova 20, slipu ya nini?" Naelewa, ova moja ni mipira sita so mechi ni fupi, na kila slipu unayemweka ni pengo sehemu nyingine na rani (pointi) zinavuja. Ila mpira ukiwa mpya unayumba, zile ova za mwanzo ndo kingo zinapatikana, kwa hiyo mi namwacha angalau mmoja. Kosa ninaloliona ni kapteni kutoa slipu ova ya kwanza, mpira unapita palepale hadi mpakani, halafu ndo anamrudisha mtu. Anaufukuza mpira uliokwishapita.

Mwisho, idadi. Watu hudhani mwisho ni slipu watatu au wanne. Kwa upande wa ofu sheria za MCC hazikupangii idadi, na Harare mwaka 1999, mechi ya siku moja dhidi ya Zimbabwe, Steve Waugh wa Australia aliwapanga slipu tisa kwa bola wake Damien Fleming. Tisa! Yani timu nzima ukitoa bola na kipa. Upande wa legi, yani ule wa mgongoni kwa betsmani, ndo kuna kikomo, pale anaposimama legi slipu, nyuma ya mstari wa betsmani hawaruhusiwi kuzidi wawili ukimtoa kipa, wakiwa watatu wakati bola anaachia mpira, ampaya anapaza sauti: noboli, yani mpira uliorushwa kinyume cha sheria.