Mbu na Mbuzi Wana Mizani Sawa: Dhana Nilizozibeba Kuhusu Ushairi, Picha na Hadithi Fupi

Nilipokuwa kidato cha tatu niliweza kulichambua shairi bila kulisoma. Ndivyo tulivyozoeshwa, na alama nilizipata. Unahesabu beti, unahesabu mishororo, unapiga mstari chini ya vina, zile silabi zinazofanana, unahesabu silabi za kila mstari na kuandika "mizani 8 kwa 8, jumla 16", unataja bahari, yaani aina ya shairi, kisha unamalizia na dhamira mbili na fundisho moja. Kengele ikilia unakusanya karatasi. Lile neno ambalo mtunzi alikesha akilitafuta lilikuwa halijafika sikioni mwangu.

Sasa niko mwaka wa pili chuoni, nasoma fasihi. Mwaka wa kwanza wote naona ulikwenda katika kuyaondoa mambo niliyoingia nayo. Nayaandika baadhi yake kwa sababu nina wadogo zangu wawili sekondari, na wakikaa sebuleni kufanya kazi za shule nawasikia wakiyarudia yaleyale, neno kwa neno.

"Ushairi ni kuhesabu vina na mizani"

Mizani ipo na vina vipo, hilo silikatai. Ila tulifundishwa kuvihesabu kwa macho, na hapo ndipo tulipopotea.

Chukua mbu na mbuzi. Kwa macho mbuzi ni neno refu zaidi. Kwa sikio yote mawili yana mizani mbili: m-bu, mbu-zi. Ile m ya mbu inasimama peke yake. Midomo inafumba, sauti inakaa kidogo, ndipo bu inaachiwa. Ile ya mbuzi inamezwa na b papo hapo. Huwezi kuliona hilo kwenye karatasi. Inabidi utamke. Nilipolijua hili nilirudi kwenye mashairi niliyoyachambua zamani, nikayasoma kwa sauti chumbani, mlango nimeufunga, na mengi yalikuwa kama mageni kwangu.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, Kigoma, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam, ndiye aliyeziandika sheria za kutunga mashairi zikatoka kitabuni mwaka 1954. Mara nyingi anatajwa kama askari wa mizani. Lakini yeye mwenyewe alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Wimbo ndio uliotangulia, hesabu ikaja kuulinda. Sisi shuleni tulibaki na hesabu.

Mfano ulionifungua macho ni huu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate pwani ya Kenya, alimtungia utendi, yaani shairi refu, binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na ndani ya utendi anasema maradhi yametimiza mwaka. Anamwita mtoto:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Moyoni nina hadithi nimependa kukuambia. Hesabu kila kipande utapata mizani nane, haipungui hata moja. Sasa tazama vina. Cha kwanza si, cha pili si, cha tatu thi. Miaka ile ningeandika "mtunzi amekosea kina" na kuendelea na swali linalofuata.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi yangu ubeti huo, Tanga. Bibi alijifunza tenzi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, akiwa binti mdogo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usinisomee kama barua ya serikali. Lete hapa." Hakukichukua kitabu, maana macho yamechoka, alitaka nimtajie maneno naye ayashike. Akaughani. Alipofika kwenye "hadithi" hakusita, na mimi niliyekuwa nasubiri nisikie dosari sikuisikia. Ulimi unaotamka si na ule unaotamka thi umekaa karibu mno, na mahadhi yakawafunika wote wawili. Kisha ile a ya mwisho, inayorudi kila ubeti toka mwanzo wa utendi hadi mwisho, ikatua. Bibi akanyamaza, akasema, "Alitaka wino kwanza." Nilikuwa nimeusoma ubeti huo mara kumi na sikuwa nimeliona hilo. Mgonjwa wa mwaka mzima, kabla hajatoa wosia, anahakikisha kuna kitu cha kuuandikia.

Ubeti huohuo unafuta dhana nyingine mbili nilizokuwa nazo: kwamba washairi wa kale wote walikuwa wanaume, na kwamba ushairi wa kale ulikuwa wa mdomo tu hadi wakoloni walipoleta kalamu. Wapwani walikuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu zamani. Utendi wa Tambuka, nao wa Pate, ni wa mwaka 1728.

"Shairi lisilo na vina ni uvivu, tena ni mambo ya Wazungu"

Hii niliipokea kwa mwalimu niliyempenda sana, kwa hiyo ilichukua muda kunitoka.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya kwanza, Kichomi, mashairi mengi yakiwa hayana vina wala mizani ya kudumu. Kelele zilizofuata zilidumu miaka. Wengine walisema hayo si mashairi kabisa, wengine wakasema ushairi wa Kiswahili umefunguliwa mlango. Leo wanafunzi tunarithi ugomvi huo kama swali la insha: "Jadili." Tunaandika hoja tano upande huu na tano upande ule.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria. Nyimbo za makabila mengi ya bara hazifungwi kwa vina vya mwisho. Mtu akisikiliza majigambo ya Wahaya, ng'ambo ya ziwa hilohilo, hasikii kina. Anasikia pumzi ndefu, majina yanayopandana, mwendo wa mtu anayejisifu mbele ya mkuu wake. Kumwambia mtunzi aliyekulia upande huo kwamba ameacha vina kwa kuiga Ulaya ni kusahau alikotoka. Alisoma fasihi ya Ulaya, ndiyo, na haikumpita bure. Lakini sikio lake lilikuwa na kwao.

Uvivu ndio siuoni kabisa. Nimejaribu kuandika mashairi huru na mashairi ya tarbia, yale ya mishororo minne kila ubeti, yote. Kwenye tarbia, ukikwama, kina kinakusukuma: unatafuta neno linaloishia na ma na njiani unakutana na wazo ambalo hukulitegemea. Kwenye shairi huru hakuna wa kukusukuma. Ukikata mstari mahali pasipostahili msomaji anaona mara moja kwamba umeandika nathari ukaivunja vipande.

Wala sisemi umbo la zamani limekwisha. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani alitunga kwa vina na mizani, akiandika kwenye karatasi za chooni kwa siri, na mashairi hayo yakachapishwa 1973. Sijui namna bora ya kumjibu anayedhani mizani ni pingu. Mtu mwenye pingu za kweli alizichagua mizani, na akasema ndani yake yale aliyokatazwa kuyasema nje.

Na kwa wanaosema ushairi ni wa watu wa pwani peke yao, nimeshawataja mtu wa Ujiji na mtu wa Ukerewe. Ongeza Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyezieneza ngonjera, mashairi ya kujibizana, nchi nzima.

"Tingatinga na ujamaa wa Wamakonde ni sanaa za mababu"

Hapa aibu yangu ni kubwa, maana nilishawahi kumweleza mgeni jambo hili kwa kujiamini kabisa. Nilimwambia picha za Tingatinga zimerithiwa toka kale.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, baadaye akahamia Dar es Salaam, akaishi kwa vibarua. Alianza kuchora mwaka 1968. Hakusomea. Alitumia vipande vya hadibodi, ile inayopigwa darini, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa akiwa ndani ya gari. Alikuwa amechora miaka minne tu. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na vijana aliowafundisha, ndugu na jamaa wengi wao, ndio walioubeba. Mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Bibi yangu ni mkubwa kuliko Tingatinga. Sijui nilimfanyaje kuwa babu wa mababu.

Kwa Wamakonde kuna la zamani na la juzi. Vinyago vya kuvaa usoni, vya jando na ngoma, hivyo ni vya kale. Lakini ule mnara wa mpingo wenye watu wamebebana, mmoja juu ya bega la mwingine, ambao kila ofisi inao mmoja kwenye kona, ulianza miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani. Jina la ujamaa liliugandia baadaye, siasa ya Ujamaa ilipopamba moto. Mtindo wa shetani, wenye macho upande na viungo vilivyopinda, unahesabiwa toka 1959 kwa Samaki Likankoa. Wana majina na wana miaka. Tukisema "sanaa za mababu" tunadhani tunawaheshimu, kumbe tunawanyang'anya watu kazi yao na kuikabidhi kwa hewa.

Pacha wa dhana hii ni ile ya kwamba Tingatinga ni picha za watalii tu, si sanaa. Nilikwenda karakana yao, Oysterbay karibu na Morogoro Stores, nikakaa asubuhi nzima. Harufu ya rangi inakupokea kabla hujafika. Fundi niliyekaa naye alikuwa anamaliza chui. Mandhari ya nyuma alikuwa ameshaipaka, njano ikiyeyuka kuwa chungwa, akaiacha ikauke. Mwili aliuweka kwa brashi pana, haraka. Madoa ndiyo yaliyomchukua muda: doa moja jeusi, ndani yake nukta ya hudhurungi, ndani ya hudhurungi kijicho cha njano, kisha la pili, kisha la tatu, mkono haupumziki juu ya ubao. Nikamuuliza kama hachoki kuchora chui yuleyule. Akasema, "Mdogo wangu, chui hawezi kuwa yuleyule. Angalia mkia. Mkia ukikosea hajakaa kwenye picha, amepita tu." Akanionyesha mbili zilizotundikwa ukutani. Kwenye moja mkia ulizunguka pembe ya ubao ukarudi mgongoni, na mnyama mzima akawa amejaa. Kwenye nyingine uliishia hewani, na kweli, alikuwa anapita.

Wageni wamekuwa wanunuzi wake toka mwanzo, hilo ni kweli. Na kuna picha nyingi zinazotolewa harakaharaka bila jicho. Ila anayenunua hawezi kukueleza mkia umekaa wapi. Nikiwa pale nilikuwa nawaza tarbia: umbo la kurithi, mraba wa ubao au mizani kumi na sita, kila fundi anapewa lilelile, na ndani yake kuna aliyejaa na aliyepita tu.

"Hadithi fupi ni riwaya iliyokatwa"

Hii nitaisema kwa ufupi, kwa sababu niliiacha kwa kuumia, si kwa kusoma.

Nilidhani hadithi fupi ni ya kuanzia, mazoezi kabla hujawa na nguvu ya riwaya. Nilidhani pia lazima ifunge kwa fundisho, kama ngano tulizosimuliwa baada ya paukwa na pakawa. Ngano ina haki yake ya kufunga hivyo. Imetungwa isikiwe na kundi, watoto wamo. Hadithi fupi inasomwa na mtu mmoja kimya, na mtu huyo hataki kushikwa mkono hadi mlangoni.

Niliandika moja kuhusu mama anayeuza vitumbua stendi. Kurasa saba. Nne za mwanzo zilikuwa utoto wake, kijiji, ndoa, kifo cha mume, na ya saba ilikuwa na aya nzima kuhusu subira. Nilimpa rafiki yangu, mwenzangu wa darasani, akakaa nayo siku mbili. Aliirudisha amekunja kurasa nne za mwanzo nyuma, na ile aya ya subira ameipiga mstari mmoja mwembamba. Hakunieleza mengi. Alisema tu, "Dada, mimi nilianza kusoma hapa," akaweka kidole.

Alikuwa ameweka kidole pale mama anapohesabu mauzo ya asubuhi, saa mbili, watu wa daladala wameshapungua, na katikati ya noti anaigusa moja ya elfu kumi ambayo karatasi yake ni laini kupita kiasi. Anaijua kwa vidole kuwa ni bandia kabla ya kuitazama. Nilikasirika siku nzima. Usiku nikazitoa kurasa nne, nikaitoa na aya. Utoto wake ulikuwa umeshaingia, bila mimi kujua, katika namna anavyoikunja ile noti mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga badala ya kuitupa. Hadithi sasa inaanzia kwenye vidole, na inaishia mteja mwingine akiuliza bei huku unga uliobaki ukichemka kwenye chuma.