Dawa za mifupa na ile kauli ya "faida ni kubwa kuliko madhara": maana yake nini hasa?

Mama kaenda kupimwa mifupa, kaambiwa ana osteoporosisi, yaani mifupa imepungua nguvu na inavunjika kirahisi, kaandikiwa kidonge cha mara moja kwa wiki, kafika nyumbani kakunjua kale kakaratasi kalikokuwa ndani ya boksi akakutana na "kuoza kwa mfupa wa taya" na "kuvunjika paja". Basi, kidonge kikaingia kabatini. Maana kama dawa ya mifupa inavunja mifupa, ya nini? Aliporudi kumuuliza dokta akajibiwa kwamba faida ni kubwa kuliko madhara, halafu akaitwa mgonjwa mwingine. Hiyo kauli ndiyo nataka tuifungue hapa, kwa sababu ni ya kweli mara nyingi lakini ikisemwa hivyo hivyo haimsaidii mtu kitu, kubwa kwa kiasi gani na kwa nani?

Tuanze na mfupa wenyewe. Watu tunauchukulia mfupa kama nondo, umeshawekwa umewekwa, kumbe ni kitu kiko hai kabisa, kuna seli kazi yake ni kubomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinafuata nyuma zinajenga mpya, na kwa mtu mzima inakadiriwa kila baada ya miaka kama 10 mifupa yote inakuwa imeshafanyiwa ukarabati. Mwanamke akikoma hedhi homoni ya estrojeni inashuka, wabomoaji wanapata nguvu kuliko wajenzi, na mfupa unaanza kuwa na matundu matundu ndani. Wanaume nao wanapata, hasa wakizeeka au wakitumia dawa za stiroidi muda mrefu. Na haumi. Hapo ndipo shida ilipo, mtu hasikii chochote mpaka siku ateleze kidogo tu kifundo cha mkono kiende, au pingili ya mgongo ijipasukie yenyewe akiwa anainua ndoo, au nyonga ivunjike. Nyonga ndiyo inayoogopwa kuliko zote kwa sababu kati ya wazee watano waliovunjika nyonga, takribani mmoja hufariki ndani ya mwaka, na wengi wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani.

Sasa ona mtego uliopo kwenye dawa za aina hii. Dawa ya kichwa unaimeza maumivu yanaondoka, umeona faida kwa macho. Dawa ya osteoporosisi faida yake ni kitu ambacho hakikutokea. Hakuna siku utaamka useme leo ningevunjika nyonga lakini dawa imeniokoa. Madhara lakini unayaona, kiungulia unakisikia leo leo. Kwa hiyo akilini mwetu mizani inaegemea upande mmoja hata kabla hatujaanza kupima, na ndiyo maana watu wengi wanaacha hizi dawa ndani ya mwaka wa kwanza tu bila hata kumwambia dokta.

Kwa hiyo inabidi twende kwenye namba. Utasikia "dawa hii inapunguza kuvunjika nyonga kwa nusu". Swali la kuuliza hapo ni moja, nusu ya nini? Chukua utafiti maarufu wa alendroneti, moja ya vidonge vya osteoporosisi, uliotoka mwaka 1996, wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili iliyowahi kuvunjika, wakafuatiliwa kama miaka mitatu. Waliopewa kidonge bandia, kisicho na dawa ndani, asilimia 2.2 walivunjika nyonga, waliopewa dawa yenyewe asilimia 1.1. Ni nusu kweli, hakuna uongo. Lakini unaweza kuisema hivi pia: kati ya wanawake 100 waliomeza dawa miaka mitatu, mmoja hivi ndiye aliyeepushwa kuvunjika nyonga, wengine hawangevunjika hata bila dawa na mmoja alivunjika pamoja na dawa. Zote mbili ni kweli, ni namba zile zile, ila ya kwanza inakufanya ukimbilie duka la dawa na ya pili inakufanya ukune kichwa. Kwenye pingili za mgongo picha ilikuwa nzuri zaidi, asilimia 15 wakashuka hadi 8, yaani wanawake saba katika kila 100 waliepuka. Ile ya "nusu" ndiyo punguzo la kulinganisha, na hii ya "wangapi katika 100" ndiyo punguzo halisi, na mtu anayepima faida na madhara anatakiwa ashike hii ya pili.

Kwa nini? Kwa sababu nusu ya kikubwa ni kikubwa na nusu ya kidogo ni kidogo, ni hesabu ya darasa la tatu tu. Mwanamke wa miaka 52 ambaye mifupa yake imepungua kidogo na hajawahi kuvunjika popote, hatari yake ya kuvunjika nyonga miaka ya karibuni ni ndogo mno, ukiikata nusu hujaokoa kitu cha maana, wakati madhara yanabaki pale pale. Bibi wa miaka 76 ambaye pingili mbili zimeshapasuka, yeye hatari yake ni kubwa, nusu yake ni mzigo mkubwa umemtua. Kidonge ni kile kile, boksi ni lile lile, lakini jibu la hawa wawili halifanani. Kwa hiyo ukisikia jirani kaambiwa haihitaji na wewe umeambiwa uanze, siyo kwamba dokta mmoja kakosea.

Hiyo hatari ya kuanzia inajulikanaje? Kipimo kinachojulikana ni skani ya DXA, eksirei ya kupima uzito wa mfupa, inatoa namba inayoitwa T-skoa, yaani mfupa wako umepishana kiasi gani na wa kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mstari kwenye -2.5, ukiwa hapo au chini yake ni osteoporosisi, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua lakini haijafika huko. Tatizo watu wanaishika hiyo namba kama matokeo ya mtihani, umefaulu au umefeli, wakati wengi wanaovunjika wana T-skoa nzuri kuliko -2.5. Umri una uzito wake, kuwahi kuvunjika kuna uzito mkubwa sana, mzazi kuvunjika nyonga, sigara, pombe, stiroidi. Ndiyo maana mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza walitoa kikokotoo kinaitwa FRAX, unajaza hayo mambo kinakupa asilimia ya kuvunjika ndani ya miaka 10 ijayo. Marekani wanaanza kuongelea dawa hatari ya nyonga ikifika asilimia 3, au 20 kwa mivunjiko mikubwa yote kwa pamoja, nchi nyingine wana mistari yao. Na mimi naongeza langu: FRAX ya kawaida haikuulizi unaanguka mara ngapi. Mzee anayeanguka kila mwezi kwa sababu ya dawa za usingizi au macho mabovu, hata umpe dawa gani ya mifupa, kama hujashughulika na kuanguka bado yuko matatani.

Haya, upande wa madhara. Hapa tusichanganye vitu viwili, kuna yanayowapata wengi lakini mepesi, na yanayowapata wachache mno lakini mazito. Karatasi ya kwenye boksi inayaorodhesha yote mstari mmoja baada ya mwingine na ndiyo maana inatisha.

Ya wengi ni tumbo na koo. Alendroneti na wenzake ni kundi linaitwa bisfosfoneti, kidonge kikikwama kwenye koo kinaunguza, kwa hiyo yale masharti ya kumeza asubuhi kabla hujala chochote, na glasi nzima ya maji matupu, halafu ukae au usimame wima nusu saa bila kulala wala kula, siyo mbwembwe. Ukinywea chai haiingii mwilini vizuri, na hata kwa maji ni kiasi kidogo sana kinachoingia. Kama koo lina matatizo kuna dripu ya zoledroneti mara moja kwa mwaka, hiyo inaruka tumbo kabisa, ila kama mtu mmoja kati ya watatu baada ya dripu ya kwanza anapata homa na mwili kuuma siku mbili tatu halafu inapita. Figo lazima zipimwe kabla.

Sasa lile la paja. Bisfosfoneti zinafanya kazi kwa kuwatuliza wabomoaji. Ni nzuri, mfupa haupotei tena, lakini kumbuka wabomoaji ndio pia wanaoondoa sehemu zenye nyufa ndogo ndogo ili zijengwe upya, wakitulizwa miaka mingi nyufa zinaweza kukusanyika na kwa watu wachache mfupa wa paja unakatika katikati hata bila kuanguka. Faida na hasara zimetoka kwenye mlango mmoja. Ni wachache kiasi gani? Kuna utafiti wa California uliotoka 2020, wanawake zaidi ya 196,000. Kwa wazungu hesabu ilitoka hivi, katika wanawake 10,000 wakitumia dawa miaka mitatu, nyonga 149 zimeokolewa, mapaja 2 yamevunjika kwa sababu ya dawa. Kwa wenye asili ya Asia nyonga 91 na mapaja 8, unaona hata hapo uwiano haufanani kwa kila mtu. Hatari hii inapanda kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka na inashuka haraka ukiacha. Na mara nyingi paja linatoa taarifa mapema, maumivu mazito ya paja au kinena wiki au miezi kabla, kwa hiyo ukiwa kwenye dawa hizi ukasikia hivyo usijipake dawa ya kuchua ukanyamaza, sema ili upigwe picha, na miguu yote miwili.

Taya: ilianza kuripotiwa 2003, na wengi walioipata walikuwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa tena mara kwa mara. Kwa dozi za osteoporosisi makadirio yanacheza kati ya mtu 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 kwa mwaka. Kama una jino la kung'oa ling'oe kabla hujaanza dawa, basi.

Kuna sindano ya denosumabu, kila miezi sita, na hii ndiyo naona watu hawaambiwi vya kutosha. Inafanya kazi vizuri, kwenye utafiti wake mkubwa wa 2009 pingili zilizovunjika zilishuka toka asilimia 7.2 hadi 2.3 ndani ya miaka mitatu. Tofauti yake ni kwamba bisfosfoneti zinagandia kwenye mfupa na kubaki humo miaka, denosumabu haigandi, ikiisha nguvu wabomoaji wanarudi wote kwa mkupuo, na kuna watu wamevunjika pingili kadhaa kwa wakati mmoja baada ya kuiacha au kuchelewesha tu sindano. Kwa hiyo hapa madhara makubwa yako kwenye kuacha kuliko kwenye kutumia, huanzi hii dawa bila kujua utaimaliza vipi, na kawaida ukiacha unahamishiwa kwenye bisfosfoneti. Wenye figo zilizochoka sana pia waangalie, Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwamba kalsiamu yao inaweza kushuka kwa hatari.

Dawa za kujenga mfupa, teriparataidi na romosozumabu, ni za walio kwenye hatari kubwa sana. Ya kwanza ilikaa na onyo la saratani ya mifupa kwa sababu ya panya wa maabara, likaondolewa 2020. Ya pili haipewi mtu aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Zote mbili ukimaliza lazima ufuatishe dawa nyingine, la sivyo kilichojengwa kinayeyuka.

Jambo la mwisho ambalo watu wanalisahau kwenye mizani ni muda. Faida ya bisfosfoneti haiji kesho, uchambuzi mmoja wa 2022 ulikuta inachukua kama mwaka mmoja katika wanawake 100 mpaka mvunjiko mmoja nje ya mgongo uepukwe. Mgonjwa aliyebakiza miezi michache ya kuishi hana sababu ya kuteseka na masharti ya asubuhi. Na kwa aliyekwisha tumia vidonge miaka mitano jibu la mwanzo linapitwa na wakati, inapimwa upya. Kwenye utafiti wa 2006 waliotumia alendroneti miaka mitano waligawanywa, wengine wakaendelea hadi 10, wengine wakaacha: mivunjiko ya mgongo yenye dalili ilikuwa asilimia 2.4 kwa walioendelea na 5.3 kwa walioacha, ila nje ya mgongo hakukuwa na tofauti. Ndiyo maana wenye hatari ndogo wanaweza kuambiwa wapumzike mwaka au miaka kadhaa, dawa iliyogandia inaendelea kufanya kazi taratibu, na wale waliovunjika pingili wanaambiwa waendelee. Mama yangu hajafika huko, bado tuko kwenye kukitoa kidonge kabatini, tumekubaliana kwanza aende kwa daktari wa meno halafu akarudi kumuuliza dokta asilimia yake ni ngapi.