Hoteli, maziwa na sahihi: mgongano wa maslahi unavyothibitishwa wakati wa kampeni

Septemba 2021, miezi kumi na moja kabla ya Wakenya kupiga kura, Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alifika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa na orodha ya mali zilizokuwa zikilindwa na polisi kwa niaba ya Naibu Rais William Ruto. Mlikuwa na makazi, mashamba na hoteli. Upande wa Ruto ukajibu kwa maziwa: Brookside, kampuni inayohusishwa na familia ya Rais Uhuru Kenyatta, ambayo Danone ya Ufaransa ilinunua asilimia 40 ya hisa zake mwaka 2014. Hoteli zenu, maziwa yenu. Kila kambi iliamini imemkamata mwenzake kwa mgongano wa maslahi, na hakuna iliyokuwa imethibitisha lolote.

Orodha ya mali haithibitishi zaidi ya kwamba mtu ana mali. Inaweza kuzua maswali mengine mazito: pesa zilitoka wapi, ardhi ilipatikana vipi. Suala la kiwanja cha Hoteli ya Weston, inayohusishwa na Ruto, na madai ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa mfano, ni mgogoro wa umiliki wa ardhi. Lina njia yake, mashahidi wake na mahakama yake. Ukilitupa kwenye kapu la "mgongano wa maslahi" unampa mhusika nafasi ya kujibu swali ambalo hukuuliza.

Figa moja haliinjiki chungu, na hapa mafiga ni matatu. La kwanza ni maslahi binafsi: hisa, ardhi, deni, ajira ya mke au mume. La pili ni wajibu wa umma: cheo kinachompa mtu mamlaka ya kuamua au kushawishi. La tatu, ambalo watu hulisahau karibu kila mara, ni mahali hayo mawili yanapokutana: zabuni fulani, leseni fulani, kura fulani bungeni, msamaha fulani wa ushuru. Pasipo tukio hilo lenye tarehe na sahihi, unachobaki nacho ni tajiri aliye madarakani. Huenda humpendi, lakini hoja huna.

Katiba ya 2010 yenyewe imeandikwa hivyo. Ibara ya 75 inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi za umma, iwe kazini, katika maisha yake binafsi au katika ushirika wake na wengine. Ibara ya 73 inadai atangaze maslahi yanayoweza kugongana na kazi yake. Ibara ya 122 inamzuia mbunge kupigia kura jambo ambalo ana maslahi ya kifedha ndani yake. Haimzuii kulizungumzia, na hapo wengi huteleza: wanamshutumu mbunge kwa kuchangia hoja, kumbe kosa linaanza kwenye kura. Halafu Julai 2025 ikatiwa sahihi Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyochukua nafasi ya ile ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003. Inatambua mgongano halisi, ule unaoonekana kuwapo, na ule unaoweza kutokea.

Mgawanyo huo una kazi kubwa wakati wa kampeni. Mgombea ambaye hajawahi kushika ofisi hana mgongano halisi, kwa sababu hana wajibu wa umma wa kugongana nao. Mwenye kampuni ya kuchimba visima anayetaka ugavana ana mgongano unaoweza kutokea, basi. Swali la haki kwake ni la mbele: ukishinda, kampuni hii utaifanya nini, na lini?

Kabla ya majibu, tuone ushahidi unavyokusanywa, maana hapo ndipo hoja nyingi hufia.

Anza na CR12. Ni hati ya Msajili wa Kampuni, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo, na huonyesha wakurugenzi wa kampuni, wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Isome pole pole. Mkurugenzi na mwanahisa ni watu wawili tofauti hata kama jina ni moja: mwanasiasa akijiuzulu ukurugenzi bado anaweza kubaki na hisa 900 kati ya 1,000, na gawio linaendelea kuja. Tena CR12 inaonyesha hali ya siku ilipotolewa tu. Ukiichukua leo ukitaka kuthibitisha nani alimiliki kampuni siku zabuni ilipotolewa miaka mitatu iliyopita, umeshika hati isiyo sahihi. Unahitaji faili la kampuni lenye marejesho ya kila mwaka na fomu za kuhamisha hisa. Mara nyingi tarehe ya kuhamisha hisa ndiyo habari yenyewe. Hisa zikihama kwenda kwa shemeji wiki mbili kabla ya tangazo la zabuni, hizo wiki mbili zinaeleza mengi kuliko jina la shemeji.

Ukikuta mwanahisa ni kampuni nyingine, omba CR12 ya hiyo nayo. Ukikuta ya tatu, endelea. Mnyororo ukiishia kwenye kampuni iliyosajiliwa ng'ambo, andika kwamba umeishia hapo na usijaze pengo kwa kubahatisha. Tangu 2020 kampuni za Kenya zinatakiwa kuwasilisha majina ya wamiliki wanufaika, yaani watu wa kweli walio nyuma ya pazia, kuanzia mwenye asilimia 10 ya hisa au kura. Ila rejista hiyo si duka la kuingia kila apitaye.

Majina ni mtego mwingine. Wakenya wenye majina mawili yanayofanana ni wengi kupita kiasi, na CR12 haikupi nambari ya kitambulisho ya kulinganisha. Jina peke yake halitoshi kamwe. Nataka walau viungo viwili zaidi: jina la kati, mkurugenzi mwenza anayejulikana kuwa mshirika wake, tamko lake mwenyewe mbele ya kamati ya uteuzi, au hukumu ya mahakama inayomtaja pamoja na kampuni hiyo. Aliyekosea mtu hapa hana tu hoja mbovu, ana barua ya wakili mlangoni.

Ukishapata figa la kwanza, figa la pili ni rahisi: uteuzi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, na walioingia kwa kura wanajulikana. La tatu lina jasho. Kwa mikataba, fungua tovuti ya serikali ya taarifa za zabuni. Tangu agizo la rais la 2018 taasisi za umma zinatakiwa kuchapisha mikataba zinayotoa. Uchapishaji una mapengo, hasa katika kaunti, kwa hiyo kutoikuta kampuni humo hakuna maana kwamba haikupata kazi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu husaidia zaidi, kwa sababu hutaja malipo yaliyofanyika na si ahadi. Kwa kura na michango, soma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, pamoja na kumbukumbu za kamati, siyo kikao cha bunge zima peke yake. Maamuzi yenye pesa hupikwa kwenye kamati.

Kisha panga tarehe tatu kwenye mstari mmoja: alipopata maslahi, alipoingia ofisini, uamuzi ulipofanywa. Mkataba uliotiwa sahihi kabla hajachaguliwa si mgongano wake, ingawa kuurefusha baadaye kunaweza kuwa. Zoezi hili la dakika kumi huua nusu ya tuhuma zinazosambazwa kwenye WhatsApp, na ile nusu nyingine huipa meno.

Tuchukue mfano wenye umbo linalofaa. Mwaka 2019 benki za NIC na CBA ziliungana kuwa NCBA, ambamo familia ya Kenyatta ina hisa, na Hazina ya Taifa ikatoa msamaha wa ushuru wa stempu kwa muungano huo. Hapa, tofauti na kelele za hoteli na maziwa, yapo maslahi, kipo cheo na kipo kitendo chenye tarehe. Hilo bado halisemi kwamba kulikuwa na kosa. Aliyetoa msamaha ni wizara, siyo mwenye hisa, na miungano mingine ya kampuni nayo iliwahi kuomba nafuu kama hiyo. Basi hoja inageuka kuwa maswali yanayojibika: nani aliomba, kwa sababu gani ya kisheria, nani alikaa kando, na vigezo vilikuwa vilevile kwa waombaji wote? Mtu anaweza kusimama jukwaani na maswali hayo bila kumwita yeyote mwizi.

Ukubwa wa maslahi nao upimwe. Safaricom ina hisa takriban bilioni 40. Mbunge mwenye hisa 1,000 humo akipigia kura ushuru wa mawasiliano, kumpigia kelele ni kupoteza pumzi. Mwakilishi wadi ambaye kampuni ya mkewe ndiyo pekee inayouzia kaunti kokoto ni jambo jingine kabisa, ingawa pesa zote hazifiki bei ya gari moja la waziri. Kwa maoni yangu kampeni za kaunti ndizo zinazostahili jicho hili kuliko za urais. Huko kampuni ni chache, kamati ni ndogo, na asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu huvutia wakubwa kujificha nyuma ya majina ya wapwa wao.

Uzito wa ubishi huu Kenya una historia. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi wa TANU na wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Kenya ilishika njia ya kinyume: Tume ya Ndegwa, mwaka 1971, iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao. Tanzania nayo ililegeza kamba kwa Azimio la Zanzibar la 1991, ikabaki na tamko la mali kwa Sekretarieti ya Maadili. Kwa hiyo Mkenya akisema "kiongozi hapaswi kuwa na biashara," anadai kitu ambacho nchi yake haikukidai kwa nusu karne. Sheria humtaka atangaze, ajiondoe, asijipendelee. Mbane hapo.

Sasa majibu utakayopewa. "Nilishajiuzulu ukurugenzi": uliza hisa. "Kampuni ni ya mke wangu": sheria inamhesabu mwenzi, mtoto na mshirika wa biashara, kwa hiyo hilo ni kukiri, si utetezi. "Bei yetu ilikuwa ya chini kuliko zote": huenda ni kweli, lakini tunauliza nani aliandika masharti ya zabuni na nani aliyajua mapema. "Tume imeniidhinisha kugombea": hili husikika kila msimu. Mwaka 2022 Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliipelekea tume ya uchaguzi, IEBC, majina 241 ya wawaniaji iliowatilia shaka kuhusu uadilifu, na wengi wao waliidhinishwa, kwa kuwa Katiba haimzuii mgombea ubunge hadi rufaa zote ziishe. Idhini ya kugombea haisemi chochote kuhusu hisa zako. Na "mbona hamuulizi yule mwingine?" Muulize na yule, kwa karatasi zake.

Kuhusu ahadi za "nikishinda", zipime kwa uzito tofauti. Kuuza hisa kwa mtu asiye ndugu ndilo jibu safi. Kukabidhi mali kwa mdhamini huru asiyeripoti kwa mwenye mali kunafaa kwa hisa za sokoni, ambazo mdhamini anaweza kuziuza na kununua nyingine bila yeye kujua. Hakufai kwa hoteli. Mtu haisahau hoteli yake eti kwa sababu funguo ziko kwa wakili; anaiona kila akipita barabarani. Kujiondoa kwenye maamuzi kunamfaa mjumbe wa kamati, maana wenzake watabaki kuamua. Gavana akijiondoa, uamuzi unaangukia kwa naibu wake au kwa waziri wa kaunti ambaye gavana huyo anaweza kumfuta kazi kesho. Mgombea ugavana akitoa ahadi hiyo, mtake aseme kwa jina la cheo nani ataamua badala yake na kumbukumbu zitawekwa wapi.

Usitegemee fomu za mali walizojaza. Maafisa wa umma hutangaza mapato, mali na madeni kila baada ya miaka 2, pamoja na ya wenzi wao na watoto walio chini ya miaka 18, lakini fomu hizo hazifunguliwi kwa kila anayeomba. Njia yenye matumaini zaidi ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016: omba mkataba, kumbukumbu za kamati ya zabuni au rejista ya migongano ya taasisi husika, ukitaja hati kwa jina na kipindi. Ombi la "taarifa zote kuhusu fulani" hukataliwa kwa urahisi. Taasisi ina siku 21 kujibu na inaweza kujiongezea 14, jumla 35, na ikikukatalia unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala kuomba uamuzi upitiwe upya. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukihesabu nyuma na kuacha nafasi ya kukataliwa mara moja, barua iwe imefika na imegongwa muhuri wa kupokewa kabla ya katikati ya Mei.