Moyo unakwenda mbio, naona nakufa: maswali na majibu kuhusu hofu ya kifo

Tangu tumzike jirani yetu aliyeanguka ghafla, kila nikilala moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata. Nimepimwa presha, sukari na moyo, vyote vizuri. Je, kuna ugonjwa umefichika?

Pole sana kwa msiba. Unayoyasikia ni ya kweli, hujayabuni. Hofu ikikushika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza. Ukipumua harakaharaka unatoa kabonidioksaidi kupita kiasi, na hapo ndipo vidole na midomo hufa ganzi, kichwa kikazunguka. Unadhani hewa haitoshi, kumbe unavuta nyingi mno. Shambulio la hofu kama hili kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe.

Nitajuaje kwamba safari hii si moyo kweli?

Kifua kinachobana na maumivu kusambaa hadi mkono, bega au taya, hasa ukipanda ngazi au kubeba mzigo, kijasho chembamba, kuzimia. Ukiona hayo, usikae nyumbani kujishauri, nenda hospitali. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia huleta mapigo ya kasi, kwa hiyo uliza kama navyo vimepimwa.

Nimenunua mashine ya presha, napima kila mara ili nitulie. Kuna ubaya?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Saa nne usiku inasoma 118/76, unashusha pumzi. Nusu saa baadaye: je, ikiwa imepanda? Unapima huku unatetemeka, inasoma 145/90, na sasa una ushahidi mkononi! Hofu ndiyo iliyoipandisha. Kumwamsha mkeo akushike kifua, au kutafuta dalili kwenye simu usiku wa manane, ni mchezo uleule: nafuu ya dakika chache, na ubongo unajifunza kwamba usingekagua ungekufa.

Kama daktari hajakuagiza kupima, mashine mpe ndugu aitunze. Hamu ya kukagua ikija, iahirishe dakika 15, kesho 30. Wazo la "usiku huu sifiki asubuhi" usibishane nalo wala usilifukuze. Liache lipige kelele huku ukiendelea na lako. Na mazishi usiyakwepe, maana kila unachokikwepa kinazidi kutisha.

Shambulio likinishika usiku nifanye nini?

Keti, miguu sakafuni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Usipumulie ndani ya mfuko. Kahawa ya jioni, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi, achana navyo.

Mama anasema niombewe. Au ninywe dawa?

Na maombi sina ugomvi, mradi usiambiwe uache matibabu. Tiba ya mazungumzo inayobadili mawazo na mazoea husaidia sana. Dawa za kupunguza hofu kama fluoxetine huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla. Ninachokipinga ni diazepam ya kujinunulia dukani: inatuliza usiku huo, kisha mwili unaizoea na unashindwa kulala bila hiyo. Hospitali za Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi zina madaktari wa afya ya akili, lakini unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu. Mawazo yakigeuka kuwa ya kutaka kujiua, mwambie mtu akusindikize hospitali siku hiyohiyo.