Hofu ya mtihani wa uwakili: maswali na majibu

Mtu amesoma sheria miaka kadhaa, shahada anayo, ndugu wameshaanza kumwita wakili, lakini bado mtihani mmoja ndio utakaoamua kama atapewa leseni. Si ajabu mwili ukalalamika. Haya ni maswali ambayo watahiniwa wengi huwa nayo.

Nikikaa kusoma moyo unanienda mbio, tumbo linasokota, na naweza kurudia aya moja mara nne nisishike kitu. Ninaumwa?

Mara nyingi huo si ugonjwa, ni mwili kujihami. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Adrenalini huharakisha moyo na kuipeleka damu kwenye misuli, huku tumbo likiachwa na kidogo. Nayo hofu hushika ile sehemu ya akili unayoitumia kufuatilia sentensi hadi mwisho, ndiyo maana aya haiingii.

Hata hivyo, usiusingizie mtihani kila kitu. Ukiona moyo unakwenda mbio hata umepumzika, unapungua uzito, unapata maumivu ya kifua au unazimia, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana na wasiwasi.

Niiondoe kabisa hofu?

Hapana, wala huwezi. Hofu kiasi ndiyo inayokuamsha ukasome. Ya kushughulikia ni ile inayokunyima usingizi na chakula.

Muda hautoshi. Nikilala kwa saa nne tu kila usiku hadi mtihani upite?

Hapa ndipo watahiniwa wengi wazuri wanapojiumiza. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na ni katika usingizi ubongo unapoyaimarisha uliyosoma mchana. Ukikaa macho saa 17 mfululizo, umakini wako unashuka karibu na wa mtu aliyekunywa pombe. Na mtihani wa uwakili haukuulizi kifungu tu. Unakupa kisa kirefu chenye mikataba, mashahidi na tarehe, kisha unakutaka uone hoja iliyojificha ndani yake. Kichwa kilichochoka hukariri kifungu vizuri na kuipita hoja.

Kahawa nayo iangalie. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa 5 hivi baadaye, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni utakuwa nacho kitandani saa nne usiku.

Muda utaupata kwingine: punguza kurudia kusoma, ongeza kujipima. Funga kitabu, tega saa, andika jibu zima. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena. Faida nyingine ni kwamba saa inayokwenda haitakuwa ngeni kwako siku yenyewe.

Nikigeuza karatasi kichwa kikawa kitupu?

Weka kalamu chini. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara tano au sita. Kutoa pumzi kwa utulivu hupunguza mapigo ya moyo. Halafu andika pembeni chochote unachokijua. Kama swali linahusu uzembe, andika: wajibu wa uangalifu, kuvunjwa kwake, madhara yaliyotokana. Maneno hayo machache huvuta mengine.

Mwenzangu ana vidonge vya kutuliza moyo. Nijaribu kimoja?

Usimeze dawa ya mtu. Propranololi, dawa inayopunguza mapigo ya moyo, inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini huvuruga kumbukumbu, na mwili huzizoea. Muone daktari wako, na mapema, si asubuhi ya mtihani.

Nimefeli mara moja. Naona aibu, hata simu za nyumbani sipokei.

Pole sana. Wapo mawakili wengi wanaofanya kazi leo ambao hawakufaulu mara ya kwanza. Ila huko kujificha kunanitia wasiwasi kuliko matokeo yenyewe. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi huzuni haikuachi, hakuna kinachokufurahisha, na usingizi au hamu ya kula imeharibika, huenda ni sonona, nayo inatibika. Wengine huogopa kwamba kumuona mshauri nasaha kutawanyima leseni. Zipo bodi za kutoa leseni zinazouliza kuhusu afya ya akili, kwa hiyo soma fomu yenyewe badala ya kusikiliza uvumi, lakini usiache matibabu kwa ajili ya fomu.

Na kama umeanza kuwaza kufa au kujidhuru, usisubiri kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe, akusindikize hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.